Mtaji, Amana na Ukwasi: Utoshelevu wa Mtaji wa Benki na Lugha Yake Katika Kanda ya Ziwa

Utangulizi

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Gavana wa wakati huo, Profesa Benno Ndulu, ilitangaza kuzifunga benki tano na kuzifutia leseni. Benki hizo zilikuwa Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Meru Community Bank na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Hii ya mwisho ilikuwa na makao yake Bukoba, mji wa kahawa ulioko pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: benki hizo hazikuwa na mtaji wa kutosha kwa mujibu wa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 na kanuni zake.

"Mtaji wa kutosha" ni maneno ambayo hayamtishi msemaji yeyote wa Kiswahili. Mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hulitamka neno "mtaji" kila siku, na "kutosha" ni miongoni mwa vitenzi ambavyo mtoto hujifunza mapema. Hata hivyo, maneno hayo mepesi yanapoingia katika sheria ya benki hubadilika maana, na mabadiliko hayo hayatangazwi. Msomaji hudhani ameelewa, kumbe amepokea umbo la neno bila maana yake. Mhadhara huu unadai kwamba kanuni za utoshelevu wa mtaji si jambo la wahasibu peke yao. Ni kanuni zinazoamua ni nani atakayebeba hasara benki ikikosea, na mwenye amana atazielewa iwapo maneno manne yatafafanuliwa sawasawa: amana, rasilimali, mtaji na ukwasi.

Amana isiyowekwa

Neno "amana" lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule unaotupa "amini" na "imani". Katika matumizi ya kawaida ya Waswahili, amana ni kitu kinachokabidhiwa mtu akitunze. Aliyekabidhiwa haruhusiwi kukitumia, na akidaiwa hukirejesha kile kile. Atakayekitumia bila idhini ameivunja amana, na jina lake ni haini.

Benki haifanyi hivyo, wala haikuundwa ifanye hivyo. Mkulima wa Muleba anapoweka shilingi 500,000 benki, noti zake hazikai kabatini zikimngojea. Sehemu yake huwekwa Benki Kuu, sehemu hununua dhamana za serikali, na sehemu kubwa hukopeshwa mwenye boti, mwenye duka au chama cha ushirika. Kwa macho ya sheria, mkulima huyo ameikopesha benki. Alicho nacho mkononi ni haki ya kudai, na kitabu chake cha akiba ni hati ya deni.

Hapa ndipo lugha inapoficha jambo. Neno "amana" linamhakikishia mteja kwamba mali yake imehifadhiwa, ilhali mali hiyo imekwisha kutoka kwenda kufanya kazi. Hakuna udanganyifu katika hilo, kwa kuwa benki zote duniani huishi kwa njia hiyo. Lakini swali la haki linazaliwa hapo: ikiwa mkopaji atashindwa kulipa, hasara itamwangukia nani kwanza? Kanuni za mtaji ni jibu la swali hilo.

Rasilimali na mtaji

"Rasilimali" limetokana na maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, yaani fedha ya asili ambayo mfanyabiashara huanzia. Kwa hiyo awali neno hili lilikaribiana sana na kile ambacho leo huitwa mtaji. Katika Kiswahili cha sasa limepanuka na kuhama: maziwa, madini, misitu na hata watu huitwa rasilimali. Katika hesabu za benki, rasilimali ni vyote ambavyo benki inavyo au inavyodai, yaani taslimu, dhamana za serikali, mikopo iliyotolewa, majengo na vifaa.

Mtaji uko upande wa pili wa hesabu. Rasilimali huonyesha fedha imekwenda wapi. Mtaji na madeni huonyesha imetoka wapi. Fedha iliyotoka kwa wenye amana ni deni la benki. Iliyotoka kwa wenye hisa, pamoja na faida iliyobakizwa bila kugawanywa, ndiyo mtaji. Tofauti ya msingi ni kwamba mtaji haudaiwi na mtu. Mwenye hisa hawezi kufika dirishani asubuhi na kutaka arejeshewe hisa zake taslimu.

Sokoni neno hili halina mpaka huo. Mchuuzi wa Kirumba aliyekopa shilingi milioni mbili akanunulia dagaa wa Ukerewe husema, "Nimepata mtaji." Kwa lugha ya soko yuko sahihi, kwa sababu kwake mtaji ni fedha yoyote inayoanzisha biashara, iwe yake au ya kuazima. Kwa lugha ya sheria ya benki, fedha hiyo ni deni tupu. Ni rahisi kwa mteja kuchukua maana ya sokoni na kuipeleka benki. Akisikia kwamba benki fulani ina amana nyingi, huamini kuwa ina mtaji mkubwa. Kumbe amana zikiongezeka na mtaji ukibaki pale pale, benki imezidi kuwa dhaifu.

Kiswahili, hata hivyo, kina hazina inayoweza kurekebisha dhana hii. Wahenga walisema kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Uzito wa methali hiyo uko katika neno la mwisho, "mwenyewe". Mtaji ni kile ambacho mtu hakukiazima. Maana hiyo inakaribia maana ya sheria ya benki kuliko matumizi ya soko ya siku hizi.

Kutosha ni uwiano

Kitenzi "tosha" hakikamiliki bila kutajwa kinachotoshelezwa. Nguo inayomtosha mtoto haimtoshi mama yake. Vivyo hivyo, mtaji wa shilingi bilioni 9 hauwezi kusemwa kuwa unatosha au hautoshi mpaka ijulikane benki imejitwika mzigo gani. Nomino "utoshelevu", iliyoundwa kutokana na kitenzi hicho, inabeba wazo la uwiano ndani yake.

Sheria hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni kima cha chini, ambacho hutajwa kwa shilingi. Kwa benki za wananchi, zile zinazohudumia eneo moja, kima hicho kilipandishwa hadi shilingi bilioni 2, na muda wa mwisho wa kukifikia ukawa Desemba 2017. Siku chache baada ya muda huo kwisha, tangazo la Januari 2018 lilitolewa.

Kipimo cha pili ni uwiano. Kanuni za Utoshelevu wa Mtaji za mwaka 2014 ziliitaka benki iwe na mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10, na mtaji wa jumla usiopungua asilimia 12, ya rasilimali zilizopimwa kwa uzito wa hatari. Juu ya hapo iliongezwa akiba ya tahadhari ya asilimia 2.5, hivyo viwango vikawa asilimia 12.5 na 14.5. Viwango hivyo ni vikali kuliko asilimia 8 iliyowekwa mwaka 1988 na kamati ya wasimamizi wa benki inayokutana Basel, Uswisi, ambayo mapatano yake yameigwa na nchi nyingi. Kwa nchi ambayo uchumi wake hutegemea mvua na bei za nje, ukali huo una sababu.

"Uzito wa hatari" unahitaji mfano. Tuseme kuna benki yenye rasilimali za shilingi bilioni 100. Bilioni 10 ni taslimu na fedha zilizoko Benki Kuu, bilioni 25 ni dhamana za serikali, bilioni 60 ni mikopo ya biashara na kilimo, na bilioni 5 ni majengo na vifaa. Taslimu na dhamana za serikali hupewa uzito wa sifuri, kwa kuwa huhesabiwa kuwa hazina hatari ya kutolipwa. Mikopo na majengo hupewa uzito kamili. Rasilimali zilizopimwa basi ni bilioni 65. Ikiwa mtaji wa msingi ni bilioni 9, uwiano ni 9 kwa 65, yaani asilimia 13.8. Benki hiyo imetimiza masharti. (Katika hesabu halisi huongezwa pia hatari za uendeshaji na za soko, lakini msingi ni huu.)

Sasa tuseme mikopo ya bilioni 3 imegeuka kuwa ile ambayo wanabenki wa Tanzania huiita mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, na mwishowe ikafutwa kabisa. Hiyo ni shilingi 5 tu katika kila shilingi 100 zilizokopeshwa. Wenye amana hawaguswi: deni lao halipungui hata senti. Hasara yote huchukuliwa na mtaji, ambao hushuka kutoka bilioni 9 hadi 6. Rasilimali zilizopimwa zinakuwa bilioni 62, na uwiano unaporomoka hadi asilimia 9.7. Hasara ya ishirini-moja ya mikopo imekula theluthi ya mtaji na kuivusha benki chini ya mstari wa sheria. Mtaji, kwa maneno mengine, ni ukuta uliojengwa mbele ya amana ili upigwe na wimbi kwanza.

Somo la pamba

Kanuni hizi hazikuletwa Tanzania kwa kuiga tu. Historia ya pwani ya ziwa ilionyesha mapema hali inavyokuwa pale ukuta huo unapokosekana.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliunda vyama vyao, vilivyokusanyika mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, makao makuu yakiwa Mwanza na Paul Bomani akiwa miongoni mwa waasisi wake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 benki zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaanzishwa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa katika miaka ya 1980, ndipo Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza kikazaliwa. Fedha za kununulia mazao ziliendelea kutoka benki ya taifa kwenda kwa vyama na mamlaka za mazao, msimu baada ya msimu, hata pale madeni ya misimu iliyopita yalipokuwa hayajalipwa.

Benki ya namna hiyo haikufilisika kwa sababu serikali ilisimama nyuma yake. Lakini hasara haikupotea. Ilihamia kwa mlipa kodi na kwa mwananchi aliyeona thamani ya shilingi yake ikishuka. Tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu, iliyoundwa mwaka 1988, iliuchunguza mfumo mzima wa fedha na benki. Matunda yake yalikuwa sheria ya mwaka 1991 iliyofungua milango kwa benki binafsi na kuweka usimamizi mpya. Madeni mabaya yalitengwa, na mwaka 1997 benki ya taifa ikagawanywa, zikatokea NBC mpya na NMB. Tangu hapo swali la mtaji likawa swali la kila benki na wenye hisa wake.

Njia za kutimiza masharti

Benki iliyo karibu na mstari, au chini yake, ina njia chache za kujinusuru.

Njia ya kwanza ni kubakiza faida badala ya kuigawa. Ni njia ya heshima, ila huenda polepole, na benki isiyo na faida haina cha kubakiza. Ya pili ni kuuza hisa mpya, kwa wenye hisa wa zamani au kwa umma. Benki kubwa huweza kwenda Soko la Hisa la Dar es Salaam. Benki ya ushirika wa wakulima huwategemea wakulima wenyewe, na bei ya kahawa ikianguka, wenye hisa huishiwa wakati ule ule ambao wakopaji wao hushindwa kulipa. Ya tatu ni kukopa deni la muda mrefu ambalo mdai wake amekubali kulipwa baada ya wenye amana. Deni hilo huweza kuhesabiwa, kwa mipaka, katika mtaji wa jumla, lakini si katika mtaji wa msingi.

Njia ya nne haionekani kwa wengi, nayo ndiyo inayomgusa zaidi mwananchi wa kawaida: kupunguza mzigo badala ya kuongeza nguvu. Turudi kwenye benki ya mfano iliyobaki na mtaji wa bilioni 6. Ili ifikie asilimia 12.5 kwa rasilimali zile zile, inahitaji mtaji mpya wa bilioni 1.75. Isipoupata, inaweza kufikia asilimia hiyo kwa kupunguza mikopo yake kutoka bilioni 57 hadi 43 na kuziweka bilioni 14 katika dhamana za serikali zenye uzito wa sifuri. Kila shilingi ya mtaji iliyokosekana imeondoa shilingi 8 za mikopo. Mwenye kinu cha kuchambua pamba au kiwanda kidogo cha samaki ataambiwa tu kwamba maombi yake hayakufanikiwa.

Njia ya tano ni kuungana na benki nyingine. Mwaka 2018 Twiga Bancorp, iliyokuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu tangu Oktoba 2016 kwa upungufu wa mtaji, iliunganishwa na TPB. Baadaye mwaka huo huo Benki ya Wanawake Tanzania nayo ikaingizwa humo. Njia zote zikishindikana, hubaki ufilisi. Kwa benki tano za Januari 2018, kazi hiyo alikabidhiwa Bodi ya Bima ya Amana. Wakati huo bima ililipa kila mwenye amana kiasi kisichozidi shilingi 1,500,000. Kiwango hicho kimepandishwa baadaye hadi shilingi 7,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya kiwango hicho alipaswa kungoja mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe.

Inafaa kukumbuka pia kwamba benki nyingi zenye ofisi Mwanza ni matawi ya benki zenye makao makuu kwingineko. Tawi halina mtaji wake. Uwiano hupimwa kwa benki nzima, hivyo usalama wa amana iliyowekwa Mwanza unategemea mikopo iliyotolewa Mbeya au Dar es Salaam. Jambo hilo lina faida: hasara ya eneo moja huchanganywa na faida ya mengine. Benki ndogo ya eneo moja haina kimbilio hilo. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia kwa nyakati mbalimbali samaki wa Ziwa Victoria, na biashara ya minofu ya sangara iliyumba pande zote za ziwa kwa pamoja. Hesabu ya uzito wa hatari huutazama mkopo mmoja mmoja. Wakopaji wote wakitegemea samaki yule yule au buni ile ile, uwiano unaweza kuonekana mzuri mpaka siku ambayo wote watashindwa pamoja.

Mtaji si ukwasi

Limebaki neno la nne. Agosti 2018 Benki Kuu iliiweka Bank M chini ya usimamizi wake, na safari hii sababu ilikuwa upungufu mkubwa wa ukwasi. Katika Kiswahili cha kawaida mkwasi ni tajiri, na ukwasi ni utajiri. Aliyesikia tangazo hilo kwa maana hiyo alielewa kwamba benki imekuwa maskini. Katika istilahi za benki, ukwasi ni uwezo wa kuwa na fedha taslimu, au mali inayogeuzwa taslimu haraka, pale madai yanapofika.

Mwenye ng'ombe mia moja huko Magu hana upungufu wa mali, lakini akidaiwa ada ya shule usiku anaweza kukosa shilingi elfu kumi. Huyo amekosa ukwasi, hakukosa mtaji. Kinyume chake, mtu anaweza kuwa na noti nyingi mfukoni ilhali madeni yake yanazidi kila alicho nacho. Huyo ana ukwasi, na mtaji wake umekwisha. Benki ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa dirisha lake huendelea kulipa na hakuna foleni inayomwonya mteja. Dalili yake huonekana katika hesabu peke yake.

Hitimisho

Benki za biashara nchini hutakiwa kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka, na ndani ya jedwali hizo uwiano wa mtaji hutajwa. Kwa kawaida huchapishwa kwa Kiingereza. Mwenye amana ambaye fedha yake ndiyo inayolindwa na uwiano huo hupita juu yake kama apitavyo juu ya tangazo la zabuni. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Itakuwa ajabu ikiwa lugha inayotosha kumhukumu mtu haitatumika kumweleza usalama wa akiba yake.

Tafsiri peke yake, hata hivyo, haitoshi. Ikiwa jedwali litaandikwa "mtaji", "amana" na "ukwasi" bila maelezo, msomaji atayapa maneno hayo maana za sokoni na za nyumbani, na atakuwa amepotoshwa kwa lugha yake mwenyewe. Inapendekezwa kwamba taarifa za benki kwa umma ziseme "fedha za wenye benki" kando ya mtaji, "deni la benki kwa wateja" kando ya amana, na "wepesi wa kupata taslimu" kando ya ukwasi. Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini kila mmoja katika soko la Kirumba atayaelewa. Kisha sentensi moja ingetosha chini ya jedwali: katika kila shilingi 100 za rasilimali zenye hatari, ni shilingi ngapi za wenye benki zitakazopotea kabla hasara haijafika kwenye shilingi ya kwanza ya mwenye amana. Huko ndiko kutosha kunakozungumzwa na kanuni, na mwenye amana anastahili kuelezwa hivyo kabla benki yake haijafungwa.